Tusiihukumu Pampu Kabla ya Kuichunguza

Ukipita katika ua wa ofisi nyingi za umma, na hata nyuma ya mabweni ya shule zetu, hukosi kuliona gari lililowekwa juu ya matofali, magurudumu yamekwisha kuondolewa na majani yameota hadi kwenye milango. Ukiuliza lilikufa kwa ugonjwa gani, jibu mara nyingi ni la neno moja: "Pampu." Likiwa ni gari la dizeli la miaka iliyopita, basi jibu hilo hupokewa kama hati ya kifo. Hakuna anayeuliza ni nani aliyempima marehemu, alimpima kwa kitu gani, na alikuta nini.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na mafundi. Wapo mafundi wetu wengi, wengine hawakupata kukaa darasani hata siku moja, ambao wakisikiliza mngurumo wa injini kwa nusu dakika hukuambia maradhi yake bila kukosea. Ugomvi wangu ni na ile desturi ya kutoa hukumu kabla ya uchunguzi. Desturi hiyo inatugharimu fedha nyingi, na wanaoilea si mafundi peke yao. Wanaoilea ni sisi watumishi na walimu tunaotia saini katika hati za malipo bila kuuliza swali hata moja.

Nitatoa mfano nilioushuhudia mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa safarini katika Nyanda za Juu Kusini, nikafikia kwenye shule moja ya sekondari ya bweni. Shule hiyo ilikuwa na gari moja tu, Toyota Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya silinda sita, ile ya lita 4.2 ijulikanayo kwa alama ya 1HZ. Gari hilo ndilo lililoleta mahindi na maharage ya wanafunzi, na ndilo lililowapeleka wagonjwa hospitali usiku wa manane. Likaanza kusumbua. Asubuhi lilikataa kuwaka mpaka betri ikakaribia kuisha. Likiwaka, lilitetemeka kwa dakika moja kisha likatulia. Mchana lilikuwa likiwaka bila shida, lakini kwenye mlima mrefu lilipoteza nguvu kama mtu aliyekabwa koo.

Gereji moja ya mjini ikatoa hukumu: pampu imekufa, itafutwe nyingine. Bei iliyotajwa ilizidi fedha zote ambazo shule ilikuwa imeziweka kwa ajili ya vifaa vya maabara. Mkuu wa shule, mtu mwadilifu asiye na tamaa hata kidogo, alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuomba kibali cha kuzihamisha fedha hizo. Gari na maabara vilikuwa vimewekwa kwenye mizani, na maabara ndiyo iliyokuwa inaelekea kushindwa.

Dereva wa shule, mzee aliyekaribia kustaafu, akaomba apewe siku moja. "Mkuu," alisema, "pampu ikifa haichagui asubuhi na mchana." Mwalimu wa fizikia akaunga mkono, na wote wawili wakaingia kazini. Kabla sijasimulia walichokikuta, hatuna budi kwanza kuelewa mafuta husafiri vipi katika gari la namna hiyo, maana bila ya kuijua njia huwezi kujua msafiri alikwama wapi.

Safari ya mafuta

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche kama injini ya petroli. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyefanikiwa kuiendesha injini yake mjini Augsburg mwaka 1897, alijenga juu ya kanuni moja: hewa ikigandamizwa sana hupata joto kali, na mafuta yakinyunyizwa ndani ya hewa hiyo huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini hii huhitaji mambo mawili makubwa, yaani hewa iliyogandamizwa vizuri, na mafuta safi yanayofika kwa wakati wake, kwa kiasi chake na kwa nguvu yake. Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyowashughulisha wahandisi kwa miaka mingi, mpaka kiwanda cha Bosch kilipoanza kutengeneza pampu zake za dizeli kwa wingi mwaka 1927. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ikaanza kuuza gari dogo la dizeli, 260 D.

Katika gari kama lile la shule, mafuta hutoka kwenye tangi, hupita katika bomba refu la chuma chini ya gari, huungwa kwa mipira mifupi, huingia katika chujio, ambalo mafundi huliita filta, kisha huingia katika pampu kubwa. Juu ya chujio kuna pampu ndogo ya mkono, na chini yake kuna mahali pa maji kutuama. Kutoka pampu kubwa mafuta hupita katika mabomba membamba ya chuma hadi kwenye nozeli, moja kwa kila silinda. Yanayozidi hurudishwa kwenye tangi kwa bomba la marejeo.

Jambo la kuliweka moyoni ni hili. Kutoka tangi mpaka kwenye pampu, mafuta ya gari hilo hayasukumwi bali huvutwa. Ndani ya pampu kubwa kuna kipampu kingine kinachonyonya mafuta kama mtoto anyonyavyo soda kwa mrija. Mrija ukitoboka juu ya soda, soda haimwagiki. Mtoto hunyonya hewa. Ndivyo ilivyo katika gari. Ufa mdogo katika mpira wa upande wa kuvuta hauvujishi mafuta chini, bali huingiza hewa ndani. Fundi anayetafuta tone la dizeli sakafuni hataliona, naye akishindwa kuliona hunyanyua macho na kuitazama pampu.

Hewa hiyo ikiingia, gari likalala usiku kucha, mafuta hurudi polepole kwenye tangi na kuliacha bomba likiwa tupu. Asubuhi injini huzungushwa kwa muda mrefu kabla mafuta hayajavutwa upya. Likishawaka mara moja na kutembea, mchana kutwa haliringi. Mzee yule dereva hakuwa amesoma vitabu vya uhandisi, lakini aliliona jambo ambalo gereji haikuliona: kwamba ugonjwa una saa zake.

Dalili zina lugha

Hapa pana somo la kwanza. Dalili za gari zina lugha yake, na mwenye kuijua lugha hiyo ni yule anayekaa na gari kila siku. Gari linalosumbua asubuhi tu na kuwaka vizuri mchana, lishuku hewa katika njia ya mafuta, ingawa mahali penye baridi kali kama Njombe au Makete usisahau pia kuzipima hita za injini. Njia rahisi ya kulipima ni kuliegesha usiku mmoja pua ikitazama bondeni na usiku wa pili pua ikitazama mlimani. Likiwaka upesi katika hali ya kwanza na kukataa katika hali ya pili, basi mafuta yanarudi tangini, na hewa ndiyo inayoyaachia njia.

Gari linalokwenda vizuri barabara tambarare, lakini likapungua nguvu baada ya dakika kadhaa za mlima, likipumzishwa kidogo likapona, lishuku kuziba. Huenda chujio limejaa uchafu, au ile nyavu ndogo iliyo mwanzoni mwa bomba ndani ya tangi imezibwa na kutu na takataka. Huenda pia kitundu cha kupumulia cha tangi kimeziba. Fungua kifuniko cha tangi mara tu gari linapokata nguvu. Ukisikia sauti kali ya hewa ikivutwa kuingia ndani, na gari likapata nguvu papo hapo, umekwisha kumkamata mwizi, wala hukutumia hata shilingi moja.

Gari linalokataa kuwaka likiwa la moto, lakini likipoa linawaka, hilo ndilo la kushukiwa pampu. Vyuma vilivyochakaa ndani ya pampu huacha mafuta mepesi ya moto yapenye, na nguvu ya kuyasukuma ikapungua. Mafundi wazoefu hufunika pampu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi, wakijihadhari na nyaya za umeme. Likiwaka baada ya hapo, dalili inaelekea kwenye pampu. Huo ni ushahidi.

Na gari lisilowaka kabisa, usiliulize pampu kabla hujauliza mambo madogo. Je, tangi lina mafuta, au geji inadanganya? Je, fyuzi ni nzima? Juu ya pampu nyingi za aina hii kuna kidude cha umeme kinachofungua mafuta ufunguo unapowashwa. Washa ufunguo, usikilize kama kinatoa sauti ya "kta". Kikiwa kimya, huenda ni waya uliokatika. Kisha mtu mmoja azungushe injini na mwingine atazame ekzosi. Moshi mweupe ukitoka, mafuta yanafika katika silinda ila hayawaki, na hapo tuzitazame hita, mgandamizo wa injini na majira ya pampu. Moshi usipotoka kabisa, mafuta hayafiki, na tuifuate njia yake hatua kwa hatua.

Dumu la lita tano

Mzee dereva na mwalimu wa fizikia walifanya jambo moja la busara kuliko yote. Walichukua dumu safi la lita tano, wakalijaza dizeli safi, wakalifunga imara mahali palipo juu zaidi ya pampu. Wakachomoa mpira unaoingiza mafuta katika pampu, wakaweka badala yake mpira mwingine ulio safi, wenye chujio dogo, unaotoka dumuni. Bomba la marejeo nalo wakalielekeza humo humo dumuni. Wakatoa hewa, wakawasha.

Injini ikawaka mara moja. Ikanguruma bila kutetemeka. Wakaliacha usiku kucha likiwa hivyo hivyo, na asubuhi likawaka tena kwa mpigo mmoja. Kwa kipimo hicho pampu ilitolewa hatiani. Kama pampu ndiyo iliyokuwa mgonjwa, ingeumwa hata ikinyweshwa kutoka dumuni. Maradhi yalikuwa baina ya tangi na pampu, na huko hakuna kitu cha bei kubwa.

Walimu wa sayansi watanielewa. Dumu lile liligawa tatizo katika mafungu mawili na kuliondoa fungu moja zima. Hiyo ndiyo kanuni ya kila uchunguzi, uwe wa gari, wa mgonjwa au wa hesabu za duka la ushirika. Usianze na kitu cha gharama kubwa. Anza na kipimo kitakachokuonyesha ni upande upi usiohitaji kuupoteza muda.

Waliporudi kwenye njia ya mafuta waliweka kipande cha mpira mweupe unaopitisha mwanga karibu na pampu, nao wakaona mapovu yakipita moja baada ya jingine. Wakayafuata kurudi nyuma, kiungo kwa kiungo. Wakakuta mpira mmoja mfupi karibu na chujio umekauka kwa uzee na kupasuka chini ya klipu yake, mahali ambapo jicho halifiki mpaka klipu ifunguliwe. Walibadilisha mpira huo na wenzake wote, klipu zake na chujio. Gharama yake ilikuwa kama bei ya kuku wachache. Barua ya mkuu wa shule ikachanwa, na vifaa vya maabara vikanunuliwa.

Pampu nayo hufa

Nisieleweke vibaya. Pampu nazo hufa, tena nyingi huuawa. Vyuma vilivyo ndani yake vimechongwa kwa usahihi mkubwa mno, na nafasi iliyo baina yake ni sehemu chache tu za elfu za milimita. Katika pampu za aina hii hakuna oili nyingine ya kuvilainisha. Dizeli yenyewe ndiyo mafuta yake ya kulainisha. Ndiyo maana maji ni sumu, mchanga ni sumu, na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni sumu. Nchini Tanzania utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili kuwakamata wachakachuaji ulianzishwa mwaka 2010, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa ili kuondoa kishawishi cha kuyachanganya. Kenya nayo iliweka tozo katika mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyo hiyo. Hatua hizo ni za maana, lakini hazimsaidii mtu anayenunua dizeli ya chupa kando ya barabara kwa sababu ni rahisi kidogo.

Maji nayo hayaletwi na wachakachuaji peke yao. Tangi linaloachwa nusu usiku wa baridi hutoa umande ndani yake, na umande huo hutuama chini. Mahali maji yanapokutana na dizeli huota vijidudu vinavyoacha ute mweusi unaoziba chujio. Dawa yake ni kujaza tangi jioni inapowezekana, na kuyatoa maji yaliyotuama chini ya chujio mara kwa mara. Kazi hiyo haizidi dakika tano.

Kwa hiyo pampu ikishukiwa baada ya vipimo vyote, ipelekwe kwa mwenye mtambo wa kupimia pampu, na majibu yaandikwe kwenye karatasi. Nozeli nazo zipimwe, kwa maana nozeli moja inayodondosha badala ya kunyunyiza yaweza kuifanya injini nzima igonge na kutoa moshi mweusi. Tena tukumbuke kwamba moshi mweusi pengine si kosa la mafuta hata kidogo. Chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara zetu hutoa moshi huo huo.

Liko na onyo la usalama. Katika magari haya ya zamani fundi huweza kulegeza nati ya nozeli moja moja injini ikinguruma, ili ajue ni silinda ipi isiyofanya kazi. Hata hapo asiweke kidole, kwa kuwa mafuta yanayotoka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi, na aliyepenywa apelekwe hospitali bila kuchelewa hata kama haoni maumivu. Katika magari mapya ya mfumo wa komoni reli, ulioanza kuuzwa katika magari madogo mwaka 1997, jambo hilo ni marufuku kabisa. Nguvu ya mafuta humo ni kubwa mara nyingi zaidi, nayo yaweza kumpotezea mtu mkono au maisha.

Wajibu wetu

Sasa turudi kwetu sisi tusioshika spana. Wajibu wetu ni upi? Kwanza, kila gari la umma liwe na daftari lake, nalo liandikwe kweli, si kujazwa siku ya ukaguzi. Dereva aandike: leo limewaka kwa shida, leo limekata nguvu mlimani, leo chujio limebadilishwa. Daftari la namna hiyo ni sawa na cheti cha mgonjwa. Daktari akikisoma huanza kazi akiwa nusu ya njia.

Pili, dereva asikilizwe. Mara nyingi gari hupelekwa gereji na mhasibu au karani wa manunuzi, na yule aliyekaa nalo miaka kumi hubaki getini akisubiri kuambiwa lililoamuliwa. Heshima ya kazi si neno la kutamka kwenye sherehe tu. Ni kumwuliza mwenye kujua kabla ya kuamua.

Tatu, anayeidhinisha malipo aulize maswali matatu mepesi. Ni kipimo gani kilichofanywa? Kilionyesha nini? Kipuri cha zamani kiko wapi? Maswali hayo hayahitaji shahada ya uhandisi. Fundi mwaminifu hatayachukia, kwa sababu ndiyo yatakayomtofautisha na mbahatishaji. Wala hayatoki katika kumdhania mtu wizi. Gereji ile ya mjini huenda haikukusudia kumwibia mtu. Huenda ilikuwa na magari mengi mlangoni, na hukumu ya haraka ndiyo iliyokuwa rahisi. Lakini kosa la haraka na kosa la hila hulipwa kwa fedha zile zile.

Fedha hizo zina majina. Ni dawa katika zahanati, ni chaki na vitabu, ni vyombo vya maabara ambavyo mtoto wa mkulima angevishika kwa mara ya kwanza. Pampu nayo haichimbwi shambani. Hununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni zilizopatikana kwa kahawa, pamba na korosho ya wakulima hao hao.

Kwa hiyo, ndugu mkuu wa shule, ndugu afisa wa wilaya, kabla hujatia saini yako wiki hii, nenda uani ukalitazame lile gari lililo juu ya matofali. Mwite dereva wake. Mwulize lilianza kusumbua saa ngapi, asubuhi au mchana, bondeni au mlimani. Kisha tafuteni dumu la lita tano na mpira safi.